Mtoto wa Katrien

Aletta Bruwer alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipoiandikia serikali barua kuomba afutwe kwenye orodha ya wazungu. Hakumwambia mtu. Aliipeleka posta Jumatatu wakati wa mapumziko ya chai, akalamba stempu, akaibandika, kisha akarudi kiwandani kupanga makopo ya jemu kana kwamba aliyetuma barua ni mwingine.

Jumamosi ndipo alipomwambia Reuben.

Walikuwa jikoni kwa mama yake Reuben, mtaa wa Salt River, mvua ya Juni ikipiga bati na upepo wa Cape Town ukitafuta pa kuingilia. Aletta alikuwa akija pale kila Jumamosi alasiri na kitambaa kwapani, maana Bi. Dollie Arendse alikuwa mshonaji, na hakukuwa na sheria ya kumkataza mwanamke wa kizungu kushonewa gauni na chotara. Kwa miaka miwili alikuwa ameshonewa magauni kumi na moja. Mengine hakuwahi kuyavaa. Kilichomleta si gauni. Kilichomleta ni fundi wa mitambo mrefu, mpole, mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha na macho yaliyokuwa yakimfuata kiwandani kutoka kona hadi kona bila kumgusa, kwa sababu kumgusa ilikuwa jela.

"Umefanya nini?" Reuben aliuliza.

"Nimeomba niandikwe chotara."

Reuben alikiweka kikombe mezani polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Hebu rudia."

"Bibi mzaa baba alikuwa anaitwa Lea. Alitoka kisiwa cha Mtakatifu Helena, alikuja hapa kwa meli akiwa msichana. Nimekikuta cheti chake cha ubatizo ndani ya Biblia ya marehemu baba. Nyumbani hatumtaji. Alikuwa mweusi kuliko wewe, Reuben."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nina damu yake. Bodi ya kupanga watu kwa rangi ikikubali, mimi si mzungu tena. Na kama si mzungu, hakuna wa kunizuia kuolewa na wewe. Tutaingia kanisani mlango wa mbele. Tutatoka mlango wa mbele."

Kutoka chumba cha pili mashine ya kushonea ilinyamaza. Bi. Dollie akatokeza kichwa mlangoni, pini tatu mdomoni, akazitoa moja moja ili apate kusema sawasawa.

"Wewe mtoto una kichaa? Watu wa mtaa huu wanaunguza nywele kwa chuma cha moto ili wapite upande wa kwenu, wewe unashuka kwa makusudi? Unajua unachokiomba? Unaomba hospitali mbovu. Unaomba mabarua ya kuhamishwa nyumba. Unaomba kuitwa 'we msichana' mpaka ufe na mvi zako."

"Mama, tuachie kidogo," Reuben alisema.

"Nawaachia. Lakini nimesema." Akarudi kwenye mashine yake, ila mashine haikulia. Alikuwa anasikiliza.

Reuben akasogeza kiti. Hakumgusa bado. Pazia la jikoni lilikuwa jepesi, na wiki mbili tu zilizopita, mtaa wa nyuma, polisi walikuwa wamevunja mlango wa mwalimu mmoja wakamkuta na mwanamke wa kizungu, wakabeba hata mashuka ya kitanda kwenda kuyaonyesha mahakamani.

"Mimi nilitaka nikutoe nchi hii," alisema kwa sauti ya chini. "Nikupeleke London. Sikutaka uwe mdogo kwa ajili yangu, Aletta."

"Nani kakwambia nitakuwa mdogo?"

"Sheria."

"Basi nitakuwa mdogo. Nimechoka kukutazama kama mwizi anavyotazama duka. Nataka nikushike mkono mchana, Reuben. Mchana! Barabarani, watu wakiona."

Reuben alimtazama mpaka macho yakamjaa maji. Akanyoosha kidole kimoja juu ya meza, akakilaza juu ya kidole chake Aletta, kile chenye kovu, kilichobanwa na mashine ya kufunga makopo siku ile walipojuana. Ni yeye aliyeizima mashine. Ni yeye aliyekifunga kidole kwa leso yake huku akitetemeka kuliko majeruhi mwenyewe.

"Na mama yako?"

"Mama atanielewa," Aletta alisema. "Mama ni mama."

*

Wiki tano baadaye barua ya Bodi ilifika Parow, nyumbani kwa kina Bruwer. Haikumwita Aletta peke yake. Iliwaita pia mama yake na kaka yake.

Gideon, kaka mkubwa, gadi wa treni, aliisoma mezani Jumapili baada ya kanisa, nyama ya kuoka na wali wa zabibu vikipoa mbele yao. Aliisoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili aliisoma kwa sauti. Halafu akaanza kucheka kicheko kibaya.

"Hongera, mdogo wangu. Bibi yako ni chotara. Sasa hebu nisaidie hesabu hii: bibi yako si ndiye bibi yangu? Wewe ukiwa chotara, mimi nitakuwa nani? Mfalme wa Uingereza?"

"Nimeomba kwa ajili yangu tu, kaka."

"Kwa ajili yako tu! Damu unaikata kwa mkasi, siyo? Ugadi wa treni ni kazi ya wazungu. Watoto wangu wako shule ya wazungu. Na Marie je? Marie ni mzungu halisi, baba yake mchungaji. Nikigeuzwa chotara, nitakamatwa kwa kulala na mke wangu wa ndoa! Umefikiria hilo ulipokuwa unalamba stempu?"

Aletta hakuwa amelifikiria. 

"Nitawaeleza..."

"Utaeleza nini? Kesho asubuhi mimi nakwenda polisi. Nawapa jina lake, nyumba yake, na siku zenu za kushona magauni. Wewe watakuonea huruma, watasema ulirubuniwa. Yeye watampa miaka. Akitoka, mkono wa kushikia spana hautakuwepo."

"Gideon." Ilikuwa sauti ya mama yao. "Majirani."

Hendrina Bruwer alikuwa mjane wa miaka sita, mwembamba, mweusi kwa mavazi na mweupe kwa uso. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Muda wote ule alikuwa amesimama kando ya jiko na bakuli la boga mikononi, hajaliweka mezani wala kulirudisha.

"Aletta, nitazame."

Aletta akamtazama.

"Huyo mtu unampenda?"

"Nampenda, Mama."

"Nikikwambia uchague, yeye au nyumba hii?"

"Mama, mimi nisingependa kuchagua."

"Sikukuuliza unachopenda."

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga kama mtu mwenye haraka. Aletta alimtazama mama yake: mikono ile iliyomfuta kamasi, iliyomfunga riboni za shule, iliyomshika paji la uso usiku na mchana alipopata surua. Kisha akaiona mikono ya Reuben.

"Yeye," alisema. "Nisamehe, Mama. Namchagua yeye."

Hendrina aliliweka bakuli mezani.

"Hakuna mtu atakayekwenda polisi," alimwambia Gideon. "Nitakwenda mwenyewe mbele ya Bodi. Nitasema kinachotakiwa kusemwa."

"Mama! Unamuunga mkono huyu?"

"Kula, Gideon. Chakula kinapoa."

Aletta aliinuka akamkumbatia mama yake shingoni akilia. Kama angekuwa na utulivu angegundua kwamba mama yake hakuinua mikono kumkumbatia. Lakini furaha haina macho.

Kesho yake, nyuma ya mitambo, kelele za makopo zikiwafunika, alimpa Reuben habari ile.

"Mama yuko upande wetu!"

"Mama yako? Yule anayesemekana hajawahi kucheka?"

"Usimtukane mkweo."

"Mkwe wangu!" Reuben akalirudia neno lile kama mtu anayeonja sukari. "Nikimwona nitamvulia kofia. Nitapiga magoti kwenye matope, nakwambia."

Jioni ile Bi. Dollie, aliyekuwa bado anasema kwamba wote wawili wana kichaa, alimpima Aletta kiuno na mabega kwa ajili ya gauni la kumi na mbili. Lilikuwa jeupe.

*

Asubuhi ya siku ya Bodi, Hendrina alimwita Aletta jikoni, akamkalisha kwenye kigoda, akamlowesha nywele. Hakuwa amemchana tangu akiwa na miaka kumi. Alimsuka misuko midogo midogo, akiivuta ngozi ya kichwa mpaka machozi yakamtoka, akamwambia akae karibu na jiko la moto zikauke. Kabla ya kutoka akazifumua zote. Nywele zikasimama, zikajikunja kama sufu.

"Hivi ndivyo watakavyotaka kuziona," alisema.

"Asante, Mama."

Hendrina akavaa glavu zake.

Bodi ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, katika jengo la serikali katikati ya mji. Mwenyekiti alikuwa na mafua, ananyonya pipi ya mnanaa, na alikuwa mtu mwenye adabu. Alimwita Aletta "Bi. Bruwer" na kumwomba asogee dirishani. Mwenzake akamtazama kucha, akamtazama ufizi, akamgeuza sikio kama anayechagua mbuzi mnadani. Wakamuuliza nyumbani wanakula nini, wanakunywa chai kwa vikombe au kwa makopo ya bati, anaota ndoto kwa lugha gani.

Kisha Mwenyekiti akachukua penseli, akaichomeka kwenye nywele zake juu ya sikio.

"Tikisa kichwa, Bi. Bruwer. Zaidi. Usiogope."

Aletta akatikisa. Penseli haikuanguka, na nywele za mzungu zisingeishika. Wale watatu wakatazamana, mmoja akaandika.

"Kwa upande wako hatuna shida kubwa," Mwenyekiti alisema, akipenga kamasi. "Shida ni familia. Kama damu hii imetoka kwa baba yako, tuna gadi wa treni pale nje ambaye hastahili kuwa gadi, na watoto wawili darasani ambao hawastahili kuwa darasani. Hatuwezi kufumba jicho moja. Tutalazimika kuwafungulia jalada wote. Mwiteni mama."

Hendrina aliingia, akala kiapo mkono wake ukiwa juu ya Biblia. Aletta alimtabasamia. Mama yake hakumtazama.

"Bi. Hendrina, huyu binti anasema mama wa mume wako alikuwa chotara. Ni kweli?"

"Si kweli, bwana."

Aletta alidhani amesikia vibaya.

"Na cheti hiki cha ubatizo? Lea?"

"Lea alikuwa mpishi wa wakwe zangu. Alibatizwa na mchungaji wetu, karatasi zikawekwa pamoja. Hana uhusiano wowote nasi."

"Basi binti yako kapata wapi nywele hizi?"

Hendrina aliinama kidogo. Aliponyoosha tena mgongo, sauti yake ilikuwa imenyooka vilevile.

"Huyu si binti yangu."

Mwenyekiti aliihamisha pipi yake kutoka shavu moja hadi jingine.

"Endelea, mama."

"Tulikuwa na mfuaji nguo akiitwa Katrien. Chotara. Alijifungulia kwenye banda letu la kuni. Siku ya tisa akafa kwa homa. Baba wa mtoto hakujulikana. Wiki hiyohiyo nami nilikuwa nimezika mwanangu wa kike, na maziwa yalikuwa yakiniuma mpaka nalia. Marehemu mume wangu akasema, mpe huyu anyonye kuliko kuyamwaga."

"Ukamnyonyesha mtoto wa mfuaji?"

"Nilikuwa mgonjwa, bwana. Sikuwa na akili zangu. Baadaye watu walikuwa wameshazoea, tukaona aibu kusema."

"Mama," Aletta alisema. "Mama, unasema nini?"

"Utasubiri zamu yako," Mwenyekiti alimwambia, bado kwa adabu. Akamgeukia Hendrina. "Huyo Katrien jina lake la ukoo?"

"Wale huwa hawana majina ya ukoo tunayoyajua sisi. Katrien tu."

"Na huyu, mlipokuwa mnamlea, hamkuona tofauti?"

"Mtu huona. Alikuwa na harufu yake. Alikuwa anapenda kukaa jikoni na wafanyakazi. Damu huenda kwao, bwana."

"Ulimpenda?"

Kwa mara ya kwanza Hendrina akababaika. Akakunja glavu zake, akazikunjua.

"Nilimlisha," alisema. "Nilimlisha na kumvisha."

Ndipo Aletta alipogundua jambo. Mama yake alikuwa akisema maneno yote yale midomo ikiwa karibu imefungwa, kama mtu anayeumwa meno. Hendrina alikuwa na mwanya mpana katikati ya meno ya mbele, mwanya ambao watu wa kanisa walikuwa wakiutania, wakisema mama na binti wamechongwa na fundi mmoja. Aletta alikuwa nao uleule. Mama yake alikuwa anauficha. Alikuwa amekuja kumwua binti yake mbele ya watu watatu, na alikuwa anaifanya kazi hiyo kwa uangalifu, kama alivyofanya kila kazi ya nyumbani.

Gideon akaitwa, akasimama wima na kofia ya reli kwapani.

"Tangu utoto tulijua," alisema. "Alikuwa anakula kwetu kwa hisani tu. Leo ametulipa kwa kutaka kutupaka tope lake."

Mwenyekiti alionekana kufarijika. Jambo lililokuwa na mikia mingi lilikuwa limepata mkia mmoja. Akaweka karatasi sawa, akachovya kalamu.

"Umesikia ushahidi, Bi. Bruwer. Ukikubaliana nao, nafunga jalada leo hii: wewe ni chotara, mtoto wa mfuaji, na familia hii haiguswi. Ukipinga, basi mmojawapo wenu kaapa uongo na mwingine kaghushi, na itabidi tuchimbe kaburi kwa kaburi. Mwaka mzima, pengine miwili. Una pingamizi?"

Aletta alimtazama mama yake. Kitu kimoja tu kingetosha: kusimama, kwenda pale dirishani kwenye mwanga, na kuwaomba wale mabwana wamwambie mama yake acheke. Ngozi yote ya nyumba ile ingechunika hapohapo. Gideon angeivua kofia. Watoto wake wangetolewa darasani na mikoba yao.

Na Reuben angebaki ng'ambo ya pili ya ukuta. Reuben aliyekuwa amesimama mvuani kule nje muda ule, maana hakuruhusiwa hata kuingia ukumbini.

Hendrina alikuwa anatazama sakafu.

"Sina pingamizi, bwana," Aletta alisema.

"Bwana mkubwa," Mwenyekiti alimsahihisha. Akagonga muhuri. "Na uwe unasimama unapoongea nasi, Aletta. Nenda kachukue karatasi yako mlango wa pembeni."

*

Ukumbini hakukuwa na mtu. Gideon alikuwa ameshuka kutafuta mwavuli. Hendrina alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi refu la mbao lililopigwa rangi vizuri, mkoba juu ya mapaja, macho kwenye ukuta.

Aletta alimwendea taratibu.

"Mama."

Hendrina aliusogeza mkoba juu ya mapaja.

"Mama, najua kwa nini. Nimeelewa. Gideon, watoto... Nimeelewa yote, sikulaumu. Ila hapa hatuna mtu. Niambie tu kwamba ulikuwa unasema uongo. Nong'ona. Sitakuja Parow tena, sitakuandikia, sitakusalimu popote. Niambie mara moja tu, halafu niende zangu."

Hendrina hakugeuza kichwa.

"Ulikaa siku tatu macho nilipopata surua," Aletta aliendelea, machozi yakimshuka sasa bila breki. "Si wewe mwenyewe unayesimuliaga? Ulikuwa unaniimbia. Mtu haimbii mtoto wa mfuaji siku tatu. Mama, tafadhali. Nipe hilo moja nilibebe."

Akaketi kwenye ncha ya benchi, mbali kidogo, akanyoosha mkono kuigusa glavu nyeusi.

Hendrina aliuvuta mkoba wake akaukumbatia kifuani. Kisha akasema, bado akiutazama ukuta, kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia kwa wauza mboga wa mlangoni:

"Inuka, msichana. Benchi hili ni la wazungu."

Aletta alibaki amekaa kwa muda wa pumzi mbili. Halafu akainuka. Alijipangusa sketi nyuma, kama aliyekaa kwenye uchafu, au aliyeuacha. Akashuka kwa ngazi za pembeni.

*

Reuben alimwona kutoka ng'ambo ya barabara, akakimbia bila kutazama magari, kofia imelowa chapachapa.

"Enhe? Sema! Wamesemaje?"

Aletta akampa karatasi. Reuben akaisoma, akaifunika kwa koti isilowe, akaitoa akaisoma tena.

"Chotara," alisema. "Mungu wangu. Chotara! Aletta, wewe ni chotara!" Akacheka, akapiga kelele, akamshika mkono. Akaushika hapohapo, kwenye njia ya miguu, saa sita mchana. Mwanamke mmoja akawapita na kikapu. Askari wa pembeni aliwatazama uso, akazitazama nywele za Aletta, akageukia mambo yake.

Kwa miaka miwili Aletta alikuwa ameingojea dakika ile. Mkono wa Reuben ulikuwa wa moto. Wake haukusikia kitu.

"Unalia? Lia, mpenzi, lia, ni haki yako. Mama kule nyumbani amesema nikupeleke moja kwa moja, kapika kari. Lakini kwanza nimwone mkwe wangu. Yuko wapi? Siondoki hapa bila kumshukuru."

"Reuben, twende."

"Hapana bwana, mama kasimama mbele ya makaburu kwa ajili yangu, halafu nimkimbie?"

Mlango mkubwa wa mbele ukafunguka. Hendrina alitoka akiwa ameshikwa kiwiko na Gideon, wakasimama juu ya ngazi huku Gideon akihangaika na mwavuli. Kabla Aletta hajamshika sawasawa, Reuben alikuwa ameshavua kofia yake. Alisogea hadi ngazi ya chini kabisa, mvua ikimtiririka usoni, akainamisha kichwa kama mtoto anayepokea baraka.

"Mama," alisema. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye Reuben. Nilitaka tu kusema..."

"Nani mama yako, wewe?" Gideon alifoka, akiunyoosha mwavuli kama fimbo. "Nani kakuruhusu kumsemesha?"

"Samahani, kaka, mimi na Aletta..."

"Kaka!" Gideon akaita askari.

Yule askari wa pembeni akaanza kuja. Aletta akamshika Reuben mkono wa koti, akamvuta nyuma.

"Mwache bibi wa watu apite, Reuben."

"Bibi wa watu? Si mama yako huyu?"

Aletta aliinua uso. Hatua sita tu zilikuwa kati yake na Hendrina, na kwa mara ya kwanza siku ile mama yake alikuwa anamtazama. Macho yale mekundu yalikuwa yanaomba kitu. Hakujua kama yanaomba msamaha au yanaomba anyamaze.

"Huyu simjui," Aletta alisema, akipaza sauti ili askari asikie, ili Gideon asikie, ili kila aliyekuwa barabarani asikie. "Mama yangu aliitwa Katrien. Alikuwa anafua nguo za watu. Alikufa kwa homa nikiwa na siku tisa."

Hendrina alishika chuma cha ngazi.

"Umemsikia, afande," Gideon alisema haraka. "Hawatujui, hatuwajui. Mama, twende. Treni haitatungoja."

Reuben alikuwa bado na kofia mkononi. Akamtazama yule mwanamke mwembamba mwenye nguo nyeusi, akamtazama Aletta, na furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Aletta," alinong'ona. "Ni kweli hayo?"

Aletta alikuwa ameupa mgongo mlango ule, mkono wake ndani ya mkono wa mwanamume aliyemchagua, akisikiliza viatu vya mama yake vikishuka ngazi nyuma yake, kimoja, halafu kingine. Alijua kwamba vikisimama, hata mara moja, atageuka akimbie akamwangukie miguuni, wafungwe wote kama ni kufungwa.

Havikusimama.